Mguu Uliochorwa Mlangoni

Penseli ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijijini kwetu wakisimulia habari za Zinovia huanza na bibi yake, au na mama yake, au na baridi ya mwaka ule, na mimi hunitaja mwishoni kama dereva tu, mtu aliyekuwa akipita na gari lake. Penseli ilikuwa yangu. Ilikuwa penseli nene ya seremala, ile niliyokuwa nikiandikia majina kwenye vifurushi.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Oktoba, mwaka tisini na tisa. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kutoka Moldova kwenda Italia. Raisa alikuwa abiria wa mwisho. Wengine saba walikuwa wameshakaa kwenye basi langu dogo, madirisha yameingia ukungu kwa pumzi zao, nami nilikuwa nimeiacha injini inanguruma maana betri yangu siku hizo haikuwa ya kuaminika. Nilipiga honi mara mbili, hakutoka. Nikaingia jikoni kwa mama yake, mama Tecla, nikiwa na hasira zangu. Nikamkuta Raisa amepiga magoti mbele ya mwanawe Zinovia, na mtoto amemshika kola kwa mikono miwili. Halii, hasemi, ameshika tu. Alikuwa na miaka saba.

"Raisa, watu wanasubiri," nikasema. "Mpakani kuna foleni."

"Dakika moja, kaka Toader."

"Hiyo ni dakika ya ngapi?"

Alivua kiatu na soksi, akauinua mguu wake wa kulia na kuukandamiza kwenye mlango wa stoo ya chakula, unyayo kwenye mbao, huku amejishikiza bega la mtoto asianguke.

"Una penseli, kaka? Hebu nichoree mguu huu."

Nikachuchumaa nikauzungushia mstari. Nilichora haraka haraka, kama ninavyotia sahihi makaratasi ya forodha, penseli imelala upande, na wala sikutazama kilichotokea. Raisa akautoa mguu wake. Kisha akaushika mguu wa mtoto na kuuweka ndani ya mchoro. Nafasi ilibaki kila upande.

"Umeona, Zina? Kabla mguu wako haujajaza huu, mimi nitakuwa hapa hapa jikoni nakuchemshia maziwa. Sawa?"

"Sawa."

"Basi ukue polepole, usinikimbize."

Alisema hivyo kwa utani, na hata mimi nilicheka, kwa jinsi nilivyokuwa na haraka ya kuondoka. Mtoto akaiachia kola. Tulifika mpakani baada ya mwendo wa saa nne, na foleni ilikuwa ya magari manne tu.

Raisa alipata kazi Padova, ya kumtunza bibi kizee mmoja aliyekuwa hawezi kunyanyuka kitandani. Hakuwa na karatasi za ukaazi, kwa hiyo kurudi nyumbani kusalimia lilikuwa jambo lisilowezekana. Angetoka, asingeingia tena. Nusu ya kijiji ilikuwa hivyo. Kila Jumapili walikuja kwenye uwanja wa huko wa kuegesha magari tunapopanga mabasi yetu, wakaleta vifurushi, wakapokea mitungi ya achari na chupa za divai kutoka nyumbani, wakalia kidogo, kisha wakarudi kwa wazee wao kabla ya saa kumi na mbili. Mwanzoni nilikuwa nawahurumia. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nahesabu vifurushi tu. Sikuhisi kitu, na sioni aibu kusema. Ukimhurumia kila mtu anayekukabidhi kifurushi, hufiki Hungaria.

Kila mwaka kabla ya Pasaka Raisa alituma viatu, maana kwetu mtoto haendi kanisani Pasaka na viatu vya zamani. Ili asikosee, aliomba aletewe mguu wa mtoto kwenye karatasi. Zina alisimama juu ya karatasi ya daftari, akajichora, nami nikaikunja na kuitia kwenye mfuko wa ngozi wa pasipoti. Wiki mbili baadaye nikarudi na viatu.

Sasa nimzungumzie mama Tecla, na nitajitahidi nisimtukane, kwa kuwa ameshakufa. Mama Tecla alikuwa mwanamke wa chumba kikubwa. Kila nyumba yenye heshima kwetu ina chumba hicho, chenye mazulia ukutani na mito iliyopangwa mpaka darini, na hakuna anayelala humo wala anayekula humo. Kinafunguliwa kwa harusi na kwa maiti. Mali ya msichana inawekwa humo tangu akiwa mdogo, ili siku ya kuolewa watu waingie waone alivyo na kwao. Viatu vya kwanza vilipofika, vyekundu, vina kifungo cha pembeni, mama Tecla alimvalisha Zina, akamtembeza mpaka getini majirani wakaona, akamrudisha ndani, akavipangusa nyayo kwa kitambaa na kuviweka chumba kikubwa chini ya benchi.

"Mama Tecla," nikamwambia, "viatu hivyo vya mtoto wa miaka minane. Siku ya harusi atavivaa masikioni?"

"Wewe Toader, endesha gari lako," akasema. "Watu wataona kwamba mama yake hakumsahau. Hiyo ndiyo kazi ya viatu hivyo."

"Na Pasaka avae nini?"

"Ana miguu miwili na ana viatu viwili. Kwani wewe ukiwa mdogo ulikuwa na vingapi?"

Nilikuwa na kimoja na nusu, nikanyamaza. Kilichotoka kwenye chumba kile kwa matumizi kilikuwa kimoja tu: jozi ya buti nyeusi namba thelathini na mbili, ambazo Raisa alizituma mwaka wa tatu akiwa amesema kwenye simu, kwa ukali, kwamba ni za shule na si za kuangalia.

Zina alikua mtoto wa kimya, wa aina ile ambayo watu wazima huisifu kwa sababu haiwasumbui. Aliteka maji, alilisha bata, alimenya mahindi na kubangua jozi, zile kokwa zenye maganda ya kupaka rangi, mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya wenzake wote, na kila asubuhi alitembea kilomita tatu kwenda shule ya kijiji cha pili. Hakudai kitu. Kabla ya kila Pasaka mama Tecla alipaka mlango wa stoo rangi ya buluu, akauzunguka ule mguu kwa brashi ndogo ya kupakia mikate mayai, bila kuugusa. Rangi ilivyozidi kuongezeka tabaka juu ya tabaka, mguu ukabaki ndani kama kisahani, mbao tupu yenye mstari wangu. Jioni moja niliwahi kumkuta Zina amesimama hapo kwa mguu mmoja, mwingine ameuweka ndani ya mchoro, kisigino kwenye kisigino, anatazama ncha ya kidole gumba. Nikadhani anacheza.

Mwaka wa nne wa kazi yake, Raisa alipata karatasi za ukaazi. Alinionyesha Jumapili moja pale uwanjani, zimo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Basi panda," nikamwambia. "Nafasi ipo. Alhamisi ijayo unanywa maziwa na mwanao."

Alicheka. Kisha nikampa karatasi ya mguu, akaikunjua juu ya boneti ya gari langu na kuilinganisha na kiganja chake.

"Tazama, kaka Toader. Bado mdogo. Hata nusu haujafika."

"Anakua, Raisa."

"Anakua polepole, kama nilivyomwambia." Akaibusu karatasi. "Nikimaliza paa, na gesi ikaingia ndani, narudi moja kwa moja. Mwaka mmoja tu. Nina muda."

Mwaka uliofuata alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, akiikunjua karatasi juu ya boneti hiyo hiyo. Alikuwa na picha za Zina pia, na kwenye picha msichana alikuwa ameshamfikia bibi yake mabegani. Lakini picha zilionyesha uso na gauni. Raisa aliiamini karatasi kwa sababu karatasi ilimfaa. Simlaumu kwa hilo, au namlaumu, sijui, inategemea siku.

Mimi ndiye niliyekuwa nikizikunja karatasi hizo, na dereva ana macho. Niliona kwamba ya mwaka wa tano ilikuwa sawasawa na ya mwaka wa nne. Kidole kidogo kilikuwa kimepindia ndani kwa namna ile ile, na kisigino kilikuwa na kona ile ile mahali penseli ilipoteleza. Nikawaza, ajabu. Nikaitia kwenye mfuko wa pasipoti.

Mwezi wa Februari, Zina akiwa na miaka kumi na mitatu, theluji iliyeyuka siku mbili ikawa matope, kisha ikaganda kwa usiku mmoja. Watoto walienda shule kwa maji na kurudi kwa barafu. Siku ya tatu asubuhi mama Tecla alikuja kugonga geti langu bila hata kitambaa kichwani, na mwanamke wa umri wake haonekani barabarani hivyo.

"Washa gari," akasema. "Mtoto vidole vimekuwa vyeusi."

"Kwa maganda ya jozi?"

"Mpumbavu wewe, vya miguu!"

Nilimkuta Zina amekaa juu ya kitanda cha jikoni, kando ya jiko, amenyoosha mguu wa kulia mbele yake, anautazama kama mguu wa mtu mwingine. Kidole cha mwisho na cha jirani yake vilikuwa rangi ya zabibu. Hakuwa analia. Nilimbeba mpaka garini, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mrefu, miguu inaning'inia.

Hospitalini wilayani daktari aliziomba buti alizokuwa amevaa. Mama Tecla alikuwa amezileta kwenye mfuko, kwa mazoea yake ya kutoacha kitu nyuma. Daktari akaigeuza moja akasoma chini.

"Hizi ni za nani?"

"Zake," akasema mama Tecla.

"Namba thelathini na mbili. Mguu huu ni thelathini na sita. Amebanwa mpaka damu haipiti, halafu buti zimelowa, halafu zimeganda." Akaziweka mezani. "Hakuna viatu huko kwenu?"

Mama Tecla akaanza kuzirudisha buti mfukoni. Mimi na yeye wote tulijua kuna viatu vingapi kwenye chumba kikubwa. Tulipotoka kwenye korido nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na aliyapokea yote, ameinamisha kichwa. Kisha akasema kitu kimoja.

"Nilimwambia mwaka juzi avue zile buti, nimpe nyingine kutoka chumbani. Mara mbili nilimwambia. Alikataa mwenyewe. Nikajua mtoto ana akili ya kutunza vitu."

Vidole viwili vilikatwa siku ile ile. Kesho yake nilipitia wodini kumpelekea supu ya kuku. Zina alikuwa amekaa kitako, amejifunika mpaka kifuani.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Hapana, mjomba. Vilikuwa havisikii kitu tangu Krismasi."

"Sasa kwa nini hukusema kwamba buti zinabana?"

"Zinabana, ndiyo maana nazivaa."

Nilidhani ni dawa za usingizi zinazosema. Lakini alikuwa ananitazama vizuri tu, macho makavu, na alinieleza kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda kisimani.

"Nimebakiza vidole viwili, mjomba. Ukiweka kisigino kwenye kisigino, pale mlangoni, pamebaki upana wa vidole viwili. Kama ningeuachia mguu, ungeshajaa tangu mwaka jana."

"Na ukijaa kuna nini?"

"Mama atakuwa amechelewa."

Nikakaa kwenye kitanda cha pili. "Na zile karatasi unazonipa?"

"Naweka karatasi mpya juu ya ile ya mwaka wa nne, dirishani, halafu napitisha penseli. Mwaka huu nitaongeza kidogo tu."

"Kwa nini, Zina?"

"Akiona umejaa, atajua ameshachelewa. Na mtu akishachelewa hana haja ya kukimbia tena. Si hata wewe, ukikuta foleni ndefu mpakani, unasema basi, potelea mbali, tulale hapa hapa?"

Nilikuwa nasema hivyo, ndiyo. Lazima alinisikia nikijisifu kwa majirani.

Nilikaa pale na sufuria ya supu mapajani, na nadhani mimi peke yangu duniani nilikuwa najua pande zote mbili za jambo lile. Kule Padova mama alikuwa na karatasi za ukaazi na ruhusa ya kurudi, anasema mguu bado mdogo, nina muda. Huku mtoto anaubana mguu ili mama asikose muda. Ningeweza kumwambia Zina: ni karatasi zako zinazomweka kule. Nilifungua mdomo. Kisha nikatazama bandeji, nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemkata kidole cha tatu, nikaufunga.

"Usimwambie mama," akasema. "Uniapie."

Nikapiga ishara ya msalaba, nikaapa. Nilifurahi kuapa. Hayo nayasema wazi: kiapo kile kilinipa nafasi ya kunyamaza bila kujiita mwoga.

Pasaka iliyofuata alinipa karatasi, mguu mzima wenye vidole vitano. Nikaikunja. Raisa aliikunjua juu ya boneti, akauliza, "Hajambo mwanangu?" nikasema, "Hajambo." Nilipeleka karatasi kama hiyo mara nne zaidi. Mwaka wa mwisho msichana alikuwa anafikisha kumi na saba, na karatasi ilikuwa mguu wa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na Raisa bado aliniambia kwamba upande wa bibi yake wanawake wote walikuwa na miguu midogo. Nilisema labda. Mguu wenyewe ulikuwa umeacha kukua kwenye namba thelathini na sita, ukikanyaga kwa upande. Zina alichechemea kidogo tu, na waliokuja kijijini wakiwa wageni walidhani amezaliwa hivyo.

Wiki moja baada ya karatasi hiyo ya mwisho mama Tecla alikufa. Aliinama kumwaga maji ya bata, hakuinuka. Nilimpigia Raisa mimi, nikiwa njiani kwenda huko, na Jumatatu nikamrudisha kijijini ameketi kiti cha mbele, baada ya miaka kumi kasoro miezi michache. Njia nzima alishika sanduku la viatu mapajani. Vilikuwa vya Pasaka, namba thelathini na nne.

Zina alikuwa getini, amevaa kitambaa cheusi. Walikumbatiana, na Raisa akalia kwa sauti, na msichana akampigapiga mgongoni kama unavyomtuliza mtoto wa jirani. Nilitegemea kuona kitu kikubwa. Mwisho Zina akasema, "Ingia ndani, mama, umechoka," akamchukulia begi.

Maiti ilikuwa imelazwa kwenye chumba kikubwa, kama ilivyo desturi, miguu kuelekea mlangoni. Chumba kilikuwa hakijafunguliwa kwa watu tangu mazishi ya babu. Raisa alienda kupiga magoti kando ya mama yake, na alipoinamisha kichwa aliviona. Chini ya benchi, safu moja, visigino ukutani, viatu vyote alivyowahi kutuma, isipokuwa zile buti. Vilikuwa jozi nane na vilikuwa vinang'aa, nyayo zake safi kabisa. Padri alikuwa ameshaanza sala.

Kwetu baada ya mazishi watu hupewa vitu kwa ajili ya roho ya marehemu: kikombe, taulo, mshumaa uliochomekwa kwenye mkate. Siku hiyo baada ya chakula, Zina alitoka chumba kikubwa amekumbatia viatu, akawaita watoto wa kijiji mmoja mmoja uani.

"Vyekundu hivi ni vya nani? Ana, njoo. Vinakutosha? Sema Mungu amsamehe bibi Tecla."

"Mungu amsamehe."

"Haya, nenda. Wewe, Petrica, usicheke, hivi havina maua, mvulana anavaa."

"Vina kisigino, dada Zina!"

"Utakuwa mrefu. Chukua."

Watoto walivivaa pale pale na kukimbia navyo kwenye matope, na wanawake wakanong'ona kwamba mali ya msichana inagawiwa namna hiyo, atakuja kuolewa na nini. Raisa alisimama kizingitini. Jozi za mwisho zilipobaki alishuka akaziokota, akazigeuza, akasoma namba chini, moja baada ya nyingine, kama yule daktari.

"Thelathini na tatu," akasema. "Thelathini na tatu. Thelathini na tatu. Zina, hizi mbona zote zinalingana?"

"Tuzungumze jikoni, mama."

Nilikuwa jikoni, nafungasha mabenchi ya kuazima. Nilitaka kutoka, Zina akasema, "Kaa, mjomba, wewe unajua." Akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu cha kulia, akavua soksi nyeusi, akauweka mguu mbele ya mama yake.

"Lini?" Raisa akauliza.

"Nikiwa na kumi na mitatu. Februari."

Raisa akanigeukia. "Ulijua, kaka Toader?"

"Nilijua."

"Na kila mwaka ukaniletea karatasi."

"Nilileta."

Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana. Alikaa sakafuni, pale pale kwenye udongo wa viatu vya waombolezaji, akazungumza na ule mguu, si na sisi.

"Nilikuwa na ruhusa ya kurudi miaka sita. Kila Pasaka nilisema, safari hii nikiona amekua, naacha kazi. Kila Pasaka nikakunjua karatasi, nikaona bado. Nikasema, Mungu ananipa muda. Kumbe ulikuwa ni wewe. Kwa nini, mwanangu? Ungenichorea tu mguu wako. Ungenichorea mguu wako wa kweli, ningekuja."

"Wewe ulisema nikue polepole," Zina akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa kuandika kwamba sauti ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Alisema kama alivyoniambia kuhusu vidole viwili vilivyobaki, na kama alivyowaambia watoto vyekundu ni vya nani.

Raisa akainuka. Sidhani alijua anachofanya. Alienda kwenye mlango wa stoo, akavua kiatu chake cha mjini, akauinua mguu wa kulia na kuuweka ndani ya mchoro, kisigino kwenye kisigino, mkono mmoja ukitafuta bega la kujishikiza. Zina alinyanyuka akampa bega.

Mguu haukujaa. Juu ya kidole gumba palibaki upana wa kidole kizima, mbao tupu, na pembeni pia palibaki nafasi. Raisa akausogeza, akaukandamiza, akautandaza. Palibaki vile vile.

"Mbona haujai?" akasema. "Ni mguu wangu huu."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimeshika benchi mikononi. Nikaliweka chini.

"Nililaza penseli," nikasema. "Injini ilikuwa inanguruma. Nililaza penseli, mstari ukatoka nje."

Zina akasogea akapima pengo lile kwa kidole chake cha shahada, kwa makini.

"Kwa hiyo wangu usingejaa?"

"Usingejaa."

"Hata ningeuachia?"

"Hata ungeuachia, Zina."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Kisha akavaa soksi yake, akavaa kiatu, akaenda kuosha vikombe, maana vilikuwa vingi na vingi vilikuwa vya kuazima. Mama yake akachukua kitambaa akaanza kuvifuta.

Raisa aliondoka na mimi Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Bibi kizee wa Padova alikuwa anamsubiri, na nyumbani hakujua akae wapi. Bado yuko kule. Zina ana miaka thelathini na kitu sasa, anapika kwenye shule ya chekechea ya kijiji, ana mume mpole na mtoto wa kiume anayevaa viatu vyake mpaka vinatoboka. Akiniona huniita mjomba, hunikaribisha, hunipa supu. Sijamsikia akimlaumu mtu yeyote, na ningelala vizuri zaidi kama angeanza.

Pasaka ya mwaka uliofuata mazishi nilimkuta anapaka mlango wa stoo ule ule wa buluu. Hakutumia brashi ndogo. Alipitisha brashi kubwa juu ya kile kisahani, akarudia mara tatu mpaka mbao ikalowa na mstari wangu ukazama. Mimi nilimshikia kopo la rangi.